Dawa Iliyoondoka Bila Kuaga

Nne, nne, mbili. Mtu yeyote wa rika langu aliyekulia Mbinga, mkoani Ruvuma, au kule chini kwenye Ziwa Nyasa, ukimtajia tarakimu hizo atajua unazungumzia nini. Ni vidonge vya klorokwini kwa mtu mzima: vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili, viwili siku ya tatu. Tuliisikia hesabu hiyo redioni, tukaisikia zahanati, tukaisikia kwa mama zetu, na watoto wa mtaa wetu waliigeuza kuwa kiitikio cha kurukia kamba. Binti ninayeuza naye dawa leo amezaliwa baada ya klorokwini kuondolewa. Hesabu hiyo haimwambii kitu, na hajawahi kukishika kidonge chenyewe mkononi.

Katika bidhaa zote zilizotangazwa utotoni mwangu kisha zikapotea, hii ndiyo inayonikaa rohoni. Sabuni hupotea ikaja sabuni nyingine, kaseti ikapotea ikaja simu, na hakuna aliyeumia kwa kutokujua sababu. Dawa ikipoteza nguvu na aliyekuwa akiisifia akanyamaza tu, mtu aliye mbali na mjini huendelea kuinywa. Sisi tulikuwa mbali. Ninayoyaeleza hapa niliyaona kutoka nyuma ya kaunta.

Baba alikuwa na duka la dawa baridi karibu na soko la Mbinga. Kibali chake kilimruhusu kuuza dawa za maumivu, za kikohozi, za minyoo, vidonge vya malaria, pamba, bandeji na vitu vya namna hiyo. Klorokwini ilikuja katika kopo la vidonge elfu moja, nasi tulihesabia vidonge juu ya kisahani na kuvifunga kwenye karatasi. Juu ya shelfu palikuwa na redio, na ndani ya redio palikuwa na betri za National, zilizotengenezwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita kilichokuwapo tangu miaka ya 1960. Betri zikichoka tulizianika juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Zikifa kabisa walimu walizichukua, wakazivunja na kuponda ule unga mweusi ili wapake ubao wa darasani. Nadhani hakuna bidhaa iliyotumika hadi mwisho wake kama betri ya National.

Kwa redio hiyo tulisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam, na matangazo ya biashara yalikuwa mengi zaidi katika Idhaa ya Biashara. Vijana wa sasa huniuliza kuhusu matangazo ya televisheni ya zamani, nami huwaambia kwamba kwetu tangazo lilikuwa kitu cha masikio. Zanzibar walipata televisheni ya rangi mwaka 1973. Bara tulisubiri mpaka 1994, ITV na wenzake walipoanza, na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, Malawi, walisubiri hadi 1999. Hivyo utoto wetu wote tuliijua sura ya bidhaa kwa kuiona dukani tu. Sauti yake ndiyo iliyotangulia kufika.

Televisheni ilipofika Mbinga ilikuja na dishi kubwa na jenereta. Gridi ya Taifa haikuwa imefika kwetu. Njia ya umeme ya Makambako hadi Songea ilikamilika 2018, na kabla ya hapo mkoa ulitegemea zaidi mashine za dizeli. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa aliiweka televisheni yake, ile ya chogo, dirishani, ikitazama uani, na saa mbili usiku watu walikaa chini kungoja taarifa ya habari. Nakumbuka vizuri kwamba matangazo yalitazamwa kwa utulivu kuliko habari zenyewe. Mengi yalikuwa ya vitu ambavyo havijafika kwetu, na vingine havikufika kamwe. Msimu wa kahawa, fedha zilipoingia, watu walikuja madukani wakitaja majina waliyoyaona kwenye kioo, na mwenye duka aliyekuwa na jina hilo aliuza mpaka akamaliza.

Dawa za malaria zilikuwamo. Palikuwa na picha ya baba amejifunika blanketi anatetemeka, mkewe anampa vidonge, na kesho yake yuko shambani na jembe. Tangazo halikuwa na muda wa kueleza siku tatu. Lilionyesha jioni na asubuhi, basi. Baba yangu alilichukia kwa sababu hiyo hiyo. Alisema linawafundisha watu kuacha dozi siku ya pili, kwa kuwa mtu akishapata nafuu anaamini ameshafika kwenye ile asubuhi ya jembe.

Mama yangu ni wa ziwani, na nyumba ya bibi ilikuwa Liuli. Mpaka mwaka 2012, ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa yenye makao yake Mbamba Bay, ufuko wote huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga, lakini ni nchi mbili tofauti. Umatengo, yaani Mbinga ya juu, ni milima, baridi, mashamba ya mashimo ya ngoro yenye maharage na mahindi, na mibuni. Ukishuka unakuta joto, muhogo, usipa ulioanikwa, na mbu. Ziwa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Miinuko ya Umatengo iko juu ya mita 1,300, na sehemu nyingine hukaribia 2,000. Malaria huifuata tofauti hiyo kama maji yanavyofuata mteremko. Mtu wa ziwani aliugua mara nyingi tangu mtoto, na aliyevuka umri wa hatari mwili wake ulizoea kupigana. Mtu wa milimani aliposhuka kwa mazishi au kununua samaki alirudi na homa ya kumlaza. Kila likizo mama alitushusha Liuli akiwa na vidonge vyetu amevifunga kwenye kona ya kanga.

Sasa, klorokwini ilikuwa dawa ya namna gani? Ilikuwa chungu, uchungu unaobaki kooni hata baada ya kula ndizi. Na iliwasha. Wengi wetu tukiinywa tulijikuna mwili mzima, hasa viganja na nyayo, usiku kucha, wala hapakuwa na upele wa kuonyesha. Wapo waliovificha vidonge chini ya ulimi wakavitema nje. Wapo waliokunywa viwili badala ya vinne ili wapunguze kuwashwa. Bibi yangu aliona kinyume. Kwake muwasho ulikuwa ushahidi. "Mjukuu wangu," aliniambia, "dawa inapokuwasha ujue inamfukuza ugonjwa kwenye ngozi atoke." Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyelea watoto na wajukuu kwa dawa hiyo na kuwaona wakisimama. Hakuwa mjinga. Kwa miaka mingi klorokwini iliponya kweli, ilikuwa rahisi, na ilishusha homa haraka. Imani yake ilijengwa na matokeo aliyoyaona mwenyewe.

Dawa hiyo ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, ikaanza kutumika kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vimelea vya malaria vilivyoihimili vilionekana kusini-mashariki mwa Asia na Amerika ya Kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1970 vilikuwa vimefika Afrika Mashariki. Usugu haukuanguka siku moja. Ulikuja kidogo kidogo, kwanza homa inarudi baada ya wiki tatu, halafu baada ya wiki mbili, halafu haiondoki. Mwenye duka anauona usugu kabla ya kuujua. Anaona wateja wale wale wakirudi, na kwa muda anafikiri biashara imechangamka.

Na hapa ndipo ziwa letu linapoingia. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo, ikahamia dawa nyingine ya malaria iitwayo SP. Sisi tuliendelea nayo hadi 2001. Kwa miaka minane watu wa Nkhata Bay na watu wa Mbamba Bay, wanaotazamana, wanaovua maji yale yale, wanaooana na kuzikana, walikuwa na dawa mbili tofauti kwa ugonjwa mmoja unaobebwa na mbu wale wale. Upande wa pili dawa ilikuwa imeshakataliwa na Serikali. Upande wetu ilikuwa bado inasifiwa redioni. Mjomba mmoja wa mama aliyekuwa ameoa ng'ambo alikuja Liuli kwa mtumbwi wa mashine, akamkuta bibi akimpa mtoto klorokwini iliyosagwa kwenye kijiko cha maji ya sukari. Alishangaa. Akasema kwao hiyo haitolewi tena. Bibi alimjibu kwamba huenda ya kwao iliharibika. Mazungumzo yakaishia hapo.

Yule mtoto alikuwa binamu yangu. Alipata nafuu, homa ikarudi, akapewa tena, ikarudi tena. Usiku wa homa ya tatu alishikwa na degedege. Walimbeba kwa mtumbwi, kisha kwa machela, wakafika hospitali alfajiri, na alipona. Lakini upande mmoja wa mwili wake haukurudi kama ulivyokuwa. Leo ni mtu mzima, ana familia, anashona nyavu kwa ustadi mkubwa akitumia mkono mmoja na meno. Sijui, wala hakuna daktari anayeweza kuniapia, kwamba dawa nyingine ingemwokoa asipatwe na degedege. Ninachokijua ni kwamba habari iliyohitajika ilifika nyumbani kwetu kwa mtumbwi, kwa kinywa cha jamaa, bila karatasi wala redio, na haikuwa na uzito wa kushindana na tangazo lililorudiwa kila siku.

Agosti 2001 Tanzania ilibadilisha mwongozo. Klorokwini ikaondolewa kuwa dawa ya kwanza, SP ikashika nafasi yake. Nakumbuka taarifa hiyo ilisomwa katika habari, na mganga wa zahanati aliibandika ukutani. Kisha yakaanza matangazo ya majina ya biashara ya SP, yaani dawa mpya ilipata watu wa kuisema. Iliyoondoka haikupata. Hapakuwa na sauti ile ile tuliyoizoea, yenye muziki ule ule, kurudi hewani kusema: msinunue tena, imeshindwa. Tangazo lilikatika tu. Mtu wa vijiji vya ziwani kama Lituhi au Chiwindi atajuaje kwamba kukatika huko kuna maana, wakati betri zake nazo hukatika kila wiki?

SP nayo ilianza kwa mguu mbaya. Ilikuwa vidonge vitatu, mara moja, basi. Baada ya kuzoea nne, nne, mbili watu waliona vitatu ni utani. Isitoshe SP haishushi homa yenyewe kama klorokwini ilivyofanya, ndiyo maana ilibidi uongezewe dawa ya homa. Mgonjwa aliyeinywa asubuhi na bado akachemka jioni alisema amepewa chokaa. Ukaja pia uvumi, na ndani ya uvumi palikuwa na kweli kidogo, kuhusu watu waliobabuka ngozi, kwa kuwa SP ina salfa na wapo wachache ambao miili yao huikataa vibaya. Kwa hiyo klorokwini ikaendelea kutafutwa. Wachuuzi walishuka nayo ziwani kwenye mabegi, makopo ya zamani, bila tarehe inayosomeka. Baba alikuwa ameirudisha yake. Wateja walimnung'unikia kwamba anaficha dawa nzuri ili auze ya bei kubwa. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa aliyekuwa rafiki yake wa miaka mingi, aliacha kumwamkia kwa sababu hiyo.

Linganisha na simu. Kampuni iliyoitwa Celtel ilipokuwa Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010, hakuna aliyekosa habari. Kuta zilipakwa rangi mpya, miamvuli ikagawiwa, wasanii wakaimba viwanjani, na mpaka kwenye vibanda vya samaki Mbamba Bay jina la zamani lilifutwa kwa brashi. Hivi karibuni, 2024, Tigo imekuwa Yas, na mambo yakawa yale yale. Mwenye kampuni anapotaka mteja amfuate, hutumia fedha kumwambia kwamba jina la jana limekwisha. Lakini kidonge kilichoshindwa hakina mfuasi wa kurithiwa. Aliyekitengeneza anaweza kuwa tayari anauza kingine, na kukiri kwamba cha kwanza kimekufa ni kumtia mteja mashaka juu ya cha pili. Haihitaji njama ya mtu yeyote. Inatosha kwamba hakuna anayelipwa kuleta habari ya kuondoka.

Mkoa wetu ulipata bahati moja, nami naihesabu kuwa kubwa. Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu, DLDM, ulianzia Ruvuma kabla ya mkoa mwingine wowote. Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ilikuwa ndiyo kwanza imeanzishwa. Wenye maduka ya dawa baridi walikaguliwa, wakaambiwa watengeneze dari, sakafu, makabati, na watoa dawa wakapelekwa mafunzoni. Mimi nilikuwa nimeshasomea uuguzi msaidizi, nikaenda. Kabla ya hapo maduka mengi yaliuza vitu ambavyo kibali hakikuruhusu, kila mtu akijua na hakuna anayesema, kwa sababu hospitali iko mbali na mtoto anachemka. Mpango ule ulikubali hali halisi: duka ndilo lililo karibu, basi lifundishwe na lisimamiwe.

Tulifundishwa mengi, majina na vipimo na dalili za hatari. Lililonibadilisha ni somo moja dogo la kuzungumza na mteja. Mwalimu alitukataza kusema "haipo" pale mtu anapotaka dawa iliyoondolewa. Tulitakiwa kusema kwamba imeondolewa, kwa nini, na badala yake ni ipi. Nilirudi Mbinga nikaanza na yule mzee wa kahawa. Nilimpa shikamoo, nikamwekea kiti, nikamweleza kwamba vimelea vimejifunza kuishi na klorokwini, kwamba baba hakuificha, aliikataa. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Na hii ya sasa, ikifika siku yake, mtatuambia?" Nilimwahidi kwamba tutamwambia.

Siku yake ilifika upesi. SP haikudumu. Mwishoni mwa 2006 na kuingia 2007 ilianza ALu, dawa ya mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, na vizuri vinywewe pamoja na chakula chenye mafuta. Safari hii nilitoka dukani. Nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji, nikaenda kwenye kikundi cha akina mama cha kanisa, na nilipokwenda Liuli nilisimama mnadani. Nilianza na habari ya kuondoka kabla ya habari ya kuja. Mzee wa kahawa alikuwapo kwenye mkutano wa kwanza, na ndiye aliyewanyamazisha waliokuwa wakinong'ona. SP yenyewe haikutupwa, ilibaki kliniki kwa kinga ya mama wajawazito, na jambo hilo nalo lilihitaji kuelezwa taratibu, maana mtu atauliza dawa iliyoshindwa kumponya baba inamfaaje mama.

Matangazo ya majina ya SP yakakoma kama yale ya klorokwini. Sikuyalilia. Dawa za cheti hazitakiwi kutangazwa kwa umma, na mimi naunga mkono. Vivyo hivyo sikusikitika picha za watoto wanene kwenye makopo ya maziwa zilipoondoka baada ya kanuni za mwaka 1994 za kudhibiti uuzaji wa vyakula mbadala wa maziwa ya mama. Picha hizo zilimfanya mama wa kijijini aone aibu kwa titi lake mwenyewe, akanunua kopo la gharama na kulikoroga kwa maji ya mto. Kunyamazishwa kwa picha hizo ni ushindi.

Kuna tangazo moja tu ninalolikumbuka kwa mapenzi, nalo ni la Ngao. Ilikuwa dawa ya kuwekea chandarua. Unapima maji kwenye beseni, unavaa mifuko ya mikononi, unatia dawa, unachovya chandarua, unakikamua na kukianika kivulini. Tangazo lake lilionyesha kazi yenyewe, hatua kwa hatua, na mtu asiyejua kusoma angeweza kuifuata. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 2004, ilikuja Hati Punguzo: mama mjamzito anapewa hati kliniki, anakuja nayo dukani, anaongeza fedha kidogo, anaondoka na chandarua. Niliuza vyandarua vingi kwa hati hizo. Kisha vikaja vyandarua ambavyo dawa imo ndani ya nyuzi tangu kiwandani, na kuchovya kukawa hakuna haja. Halafu vikagawiwa bure, na mwaka 2013 mpango wa kuvigawa kwa wanafunzi ulianzia Ruvuma, Lindi na Mtwara. Biashara yangu ya vyandarua ikafa. Sijawahi kuona kifo cha biashara kilichonipendeza kama hicho, japo kule ziwani, nisifiche, baadhi ya vyandarua vile viliishia kuanikiwa usipa au kukokotea samaki wachanga. Ngao ilitoweka kwa sababu kitu bora zaidi kiliimeza. Klorokwini iliondoka kwa sababu ilishindwa. Mtu aliyekaa mbele ya televisheni hawezi kuona tofauti ya hayo mawili. Kote anaona ukimya.

Nirudi Malawi kidogo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa Blantyre, ambao uliwapa watoto wenye malaria klorokwini tena, zaidi ya miaka kumi baada ya nchi kuiacha. Iliponya kwa asilimia 99. Dawa ilipokosa kutumika, vimelea vilivyoihimili vilikosa faida na vikamezwa na vile vya zamani. Wateja wanaosikia habari hiyo huniuliza kwa nini basi isirudi. Nawajibu kwamba ikirudi peke yake na kusambaa mitaani, vile vimelea sugu vitarudi nayo. Lakini habari yenyewe inanifundisha jambo: ng'ambo walifanikiwa kwa sababu waliiacha kweli. Haikubaki kwenye mabegi ya wachuuzi.

Nayaandika haya sasa kwa sababu ALu nayo imeanza kuguswa. Utafiti uliofanyika Karagwe, mkoani Kagera, mwaka 2022 na kuchapishwa 2024 ulithibitisha usugu wa sehemu dhidi ya dawa za jamii ya artemisinin, ambazo moja yao ni sehemu ya mseto huo. Rwanda na Uganda walikuwa wameshauona kabla yetu. Maana yake ni kwamba vimelea vinachelewa kutoka kwenye damu. ALu bado inaponya, huku Ruvuma na huko Kagera, na mtu asiiache. Ila njia ya kuja kwa usugu tunaifahamu, na kutoka Kagera hadi Mbamba Bay leo ni siku chache kwa basi, tena kilomita 67 za mwisho kutoka Mbinga ni lami.

Kwa hiyo ninawaomba watu watatu. Wewe unayeumwa, pima kwanza, kipimo cha haraka kipo zahanati na ni cha dakika chache, na ukipewa vidonge 24 vimalize vyote 24, hata kama siku ya pili umeamka na nguvu za kushika jembe. Wewe mwenzangu wa DLDM, mteja akitaka dawa iliyoondolewa usimwambie haipo. Mwambie imeondolewa na kwa nini. Na ninyi wenye redio za Songea, Mbinga na Nyasa, pamoja na Wizara ya Afya: siku ALu itakapobadilishwa, itangazeni kuondoka kwake kwa muziki ule ule, saa zile zile na mara nyingi kama mlivyotangaza kuja kwake, hadi mvuvi wa Chiwindi aisikie kabla ya mchuuzi kumfikia.